Ombi la Kuhamishwa kwa Mkwe Wangu Kabla Sijapasuliwa

Masunga Manyanda,
Kitongoji cha Mwabusiga Juu,
jirani na Kabungu,
Katavi.
Jumatatu, asubuhi.

Mganga Mfawidhi,
Kituo cha Afya Mwabusiga.

Ndugu Daktari Laurence,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MUUGUZI WAKO, AMBAYE PIA NI MKE WA MWANANGU, NA OMBI LA KUMHAMISHA KABLA YA ALHAMISI

Kwanza pole na kazi, hasa kazi ya semina. Tunaona unavyohangaika kwenda Mpanda mjini na kurudi na mkoba mpya begani, na sisi wananchi tunakuombea kwa Mungu semina ziishe ili upate kupumzika kidogo huku kituoni.

Mimi ni Masunga, mfugaji na mkulima wa mpunga. Naandika barua hii nikiwa nimelala ubavu kwa sababu kukaa siwezi. Nina ngiri. Kwako naliandika neno hilo bila aibu, maana wewe ni mwanamume, ni daktari, na hujaoa kwangu wala mimi sijaoa kwenu. Umenipangia kupasuliwa Alhamisi na nashukuru sana. Kisu chako sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na mtu atakayeshika sindano ya ganzi, yaani muuguzi wako, Mama Minza, ambaye ameolewa na mwanangu Ezekia. Jina lake la kuzaliwa wanalitumia baba yake, Mzee Cyriaque wa Mishamo, na wewe unapopanga zamu. Mimi baba mkwe namwita kwa jina la mtoto, kama inavyopasa.

Kabla sijaorodhesha malalamiko nieleze jambo moja, kwa kuwa umetoka mbali na sijui huko kwenu mnaishije na wake za watoto wenu. Kwetu sisi tuliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini, baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono. Hawali sahani moja. Hawatazamani usoni. Mkwe hakanyagi chumba anacholala mzee. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja huingia majanini kumpisha mwenzake, na desturi inataka aingie yeye. Ila tangu kituo kimpe pikipiki ya chanjo, anayeingia majanini ni mimi.

Sasa malalamiko.

1. Muuguzi huyu ana vimo viwili. Nyumbani akinisalimia hupiga magoti pembeni kabisa, macho chini, nami namjibu nikiwa natazama ng'ombe. Hapo ana kimo cha mkwe. Lakini kituoni kwako anarefuka. Nilikuja mara moja tu, kwa ajili ya kikohozi, nikaketi kwenye benchi na wenzangu. Akatoka amevaa sare nyeupe, saa imening'inia kifuani, akaita mzee mwenye kofia ya pama aingie. Mwenye kofia ya pama nilikuwa peke yangu. Kwa heshima alimwambia mwenzake anivalishe ile mashine ya presha mkononi, lakini aliyesoma namba ni yeye, na aliyesema nipunguze chumvi ni yeye, tena alisema huku anautazama ukuta, kana kwamba ukuta ndio wenye presha. Nilidhani yameishia hapo. Nilipofika nyumbani nikakuta habari imenitangulia, na tangu siku hiyo mboga ya kwangu haina chumvi. Daktari, ni sheria ipi inayoruhusu amri ya kliniki imfuate mwanamume mpaka kwenye sahani yake?

2. Anafanya kazi zisizo za muuguzi. Nilipokuwa kijana muuguzi alikuwa mtu wa kushika beseni. Daktari alisema, muuguzi akatenda, mgonjwa akanyamaza. Ulikuwa utaratibu mzuri sana, na kila aliyekufa alikufa akijua mwenye cheo ni nani. Siku hizi nasikia muuguzi akirudi shule akasoma tena, anaruhusiwa kukuhoji, kukupima, kukuambia unaumwa nini na kukuandikia dawa, na akisomea mambo ya usingizi anaingia mpaka chumba cha upasuaji na kuvaa kofia kama ya kwako. Sipingi elimu. Elimu yake yenyewe ilipita katikati ya zizi langu, kuna mitamba nilikuwa naijua kwa majina na leo siioni. Ila nilidhani akimaliza atashika beseni kubwa zaidi.

Chukua mfano wa jirani yangu Bibi Eufrazia, ambaye ana ugonjwa wa sukari. Alianguka shambani kwake, macho yamegeuka, jasho linamtoka kama amenyeshewa. Wewe ulikuwa semina. Mwanamke wa watu angeweza kabisa kusubiri kwa adabu mpaka urudi. Badala yake Mama Minza alimtoboa kidole, akakuta sukari imeshuka mno kwa sababu bibi alimeza vidonge bila kula, akamwekea dripu, na kabla jua halijawa kali Bibi Eufrazia alikuwa amekaa kitako anadai ugali na kuuliza jembe lake amelichukua nani. Uliporudi hukukuta mgonjwa, ulikuta mtu anayekuamkia. Nilikuonea huruma, Daktari. Mtu umesoma miaka yote ile, unarudi na mkoba wako, unakuta wagonjwa wamepona bila hata kukuaga.

Fundi baiskeli wetu naye alijikata mguu kwa panga. Mama Minza alimshona mwenyewe, na mshono umenyooka kiasi kwamba fundi wetu wa cherehani alikwenda kuutazama, akarudi akaanza kufumua suruali aliyokuwa ameshaimaliza.

Na lililo baya zaidi ni hili: jambo likimzidi, anajua limemzidi. Hajifanyi. Anasema hapo hapo kwamba hili ni la daktari, anakupigia simu, na usipopatikana anaita gari la wagonjwa, na gari lisipopatikana anatafuta bodaboda na kupanda nyuma yake akiwa amemshikilia mgonjwa katikati. Mtu wa namna hiyo utamshika kwa kosa gani? Nimemchunguza kwa muda mrefu nikitafuta kosa la kawaida, kama kuchelewa au kutukana kina mama, nikakosa. Ndiyo maana nimelazimika kulalamikia uwezo wake.

3. Ametuharibia safari za Mpanda. Wewe ni mgeni, hukujua zamani. Kabla yake, mtu wa huku akiugua ukoo mzima ulipata safari. Alikwenda mgonjwa, akaenda wa kumuuguza mgonjwa, akaenda wa kumpikia muuguzaji, nikaenda mimi kama mzee wa ukoo kutoa neno la mwisho. Wakati mgonjwa anapanga foleni, sisi wengine tulipita sokoni, tukanunua gambuti na betri za redio, tukala chipsi mayai pale karibu na stendi. Mgonjwa akipona tulirudi na habari za mjini. Asipopona tulirudi na msiba wenye watu wengi. Kwa vyovyote vile hatukurudi mikono mitupu. Sasa ugonjwa unaanzia nyumbani na kuishia kituoni, mtu anaumwa asubuhi, jioni yuko machungani. Kaka yangu mkubwa hajafika mjini tangu huyu muuguzi aanze kazi, na mpaka leo ukimwambia lami imefika Mpanda anasema nyie vijana mnapenda kutania wazee.

4. Suala la dume. Hili linaniuma kuliko ngiri yenyewe, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Ugonjwa ulipoanza nilinyamaza. Uvimbe ulikuwa unatoka nikiinua ndoo ya maji na kurudi ndani nikilala, nami nikaona kitu chenye tabia ya kurudi chenyewe hakihitaji kuitiwa watu. Mke wangu Nyanzala akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia nitakwenda kutibiwa mbali, ambako sina mkwe. Akaniuliza nitakwendaje, wakati kukaa kwenye pikipiki siwezi. Basi tukakubaliana aende yeye kumwuliza mkwe, lakini kiungwana. Mama wa mji hawezi kusimama mbele ya mke wa mwanawe akaanza kuhesabu mambo ya mzee yaliyo chini ya kitovu. Kwa hiyo Nyanzala alikwenda kituoni akasema kwamba dume letu kubwa lina uvimbe kwenye kinena, na akauliza, kwa mfano tu, ugonjwa kama huo ukimpata binadamu hutibiwaje.

Mtu mwenye adabu angejibu kwamba yeye si mtu wa mifugo. Huyu aliweka kalamu chini, akafunga mlango, akauliza kwa upole kama dume likikohoa uvimbe unaongezeka. Nyanzala akasema unaongezeka. Akauliza, likilala chali, unarudi? Nyanzala bila kufikiri akasema ndiyo, mwanangu, likilala chali unarudi wote. Daktari, umewahi kuona dume la ng'ombe likilala chali? Na yeye aliyekulia na mifugo ya baba yake hakushangaa hata kidogo, aliendelea na maswali. Akauliza kama dume linapata choo vizuri. Akauliza kama linavuta tumbaku, kisha akajijibu mwenyewe kwamba anadhani linavuta, maana asubuhi hulisikia likikohoa nyuma ya nyumba. Halafu akatoa maagizo. Dume lisibebe mzigo. Dume liache tumbaku. Dume lije kituoni Ijumaa mchana limwone daktari mwanamume, na siku hiyo yeye Mama Minza atakuwa vijijini kwenye chanjo, kwa hiyo lisiwe na wasiwasi wa kukutana naye. Na kama siku yoyote uvimbe ukawa mgumu ukagoma kurudi, na dume likaanza kutapika, lisisubiri miadi na wala lisione haya, liletwe hata kwa mkokoteni.

Lisione haya! Maneno hayo Nyanzala aliniletea huku anacheka mpaka anajifuta machozi kwa khanga.

Haikuishia hapo. Mwanangu Ezekia alisikia nusu ya habari, kwamba dume la baba linaumwa, akakimbia kumwita Gervas, bwana mifugo wetu. Gervas akaja na mkoba wake. Wakalifunga dume kamba, wakaliangusha, wakalipapasa kila mahali ambapo mimi naumwa, hawakuona kitu. Gervas kwa kuona aibu kuondoka bila kufanya lolote akalinywesha dawa ya minyoo. Ezekia naye alikuwa ameshapanga kulipeleka mnadani kabla halijafa. Nililiokoa kwa kutangaza kwamba limepona kwa maombi. Sasa kijiji kizima kinajua kwa Masunga kuna dume lililopona kwa maombi, mchungaji wa kanisa la kina Mzee Cyriaque ameomba siku ya kuja kusikia ushuhuda, na dume lenyewe likiniona linasogea upande wa pili wa zizi.

Utaniuliza kosa la muuguzi hapo ni lipi. Kosa lake ni kwamba alielewa.

5. Suala la pazia. Ijumaa ulinipima mwenyewe, mlango umefungwa, dirisha nimelifunga mimi. Ukasema lazima nipasuliwe, nikakubali kama mwanamume. Nikauliza chumbani watakuwemo akina nani. Ukasema wewe, msaidizi wako, na mtaalamu wa usingizi. Nikauliza mtaalamu huyo ni nani. Ukatazama dari. Nikajua.

Ukanieleza kwa uvumilivu kwamba sitalala. Atanichoma sindano mgongoni, miguu itakufa ganzi, nami nitabaki macho. Ukasema yeye hukaa upande wa kichwani akiangalia pumzi na presha, na katikati huwekwa pazia, kwa hiyo mambo ya upande wa chini hatayaona kabisa. Ulisema hivyo huku unatabasamu, kana kwamba umeniletea habari njema. Daktari, hebu fikiri. Tangu aolewe sijawahi kumtazama usoni, wala yeye mimi, hata siku Minza anazaliwa niliambiwa habari nikiwa nimegeukia mlango. Halafu wewe unamkalisha mahali ambapo, kwa sababu ya pazia lako, kitu pekee kilichobaki cha kutazama ni uso wangu! Tena ukiwa umepinduliwa juu chini. Na huo mgongo utakaochomwa, mlidhani ni wa nani?

6. Usiseme nimekimbilia kulalamika. Nimejaribu kwanza njia zote za amani.

Nilianza na Gervas. Nikamwambia kwa kuwa kituo kimeshanitambua kama dume, kazi hii ingeweza kuwa ya idara yake, na yeye ana vifaa. Akanijibu kwa heshima zote kwamba kwa maradhi ya sehemu hizo anajua tiba moja tu, na madume yaliyopitia mikononi mwake hayakurudi kuwa madume. Tuliagana vizuri.

Nikamtuma Ezekia akamwombe mkewe afanye kazi amefungwa kitambaa machoni. Jibu likaja kwamba yeye hana kipingamizi, mradi na daktari naye afungwe ili wote tuwe sawa mbele ya desturi. Ombi hilo nililiondoa.

Ndipo nikaitisha kikao cha ukoo, na hapo tulipata njia ambayo mpaka leo naamini ilikuwa safi kabisa. Ukwe unatokana na ndoa. Ndoa isipokuwepo, ukwe haupo. Kwa hiyo Ezekia amwache mkewe Jumatano jioni, Alhamisi awe mgeni kama muuguzi mwingine yeyote, anichome anavyotaka, anitazame mpaka achoke, kisha Ijumaa asubuhi Ezekia amwoe tena. Kaka yangu alisema hajawahi kusikia hoja iliyonyooka namna hiyo. Shida ikawa ng'ombe wa mahari. Kwetu mwanamke akiachwa ng'ombe hurudi, na wale wako Mishamo. Ilibidi waswagwe kuja huku Jumatano na kuswagwa kurudi Ijumaa, wakati mpunga wa watu uko shambani. Nilimpigia simu Mzee Cyriaque. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, ni mtu mstaarabu. Akasema ng'ombe atarudisha, ila wameshazaa, na ndama wamezaliwa mikononi mwake, hawakuwepo kwenye ndoa na hawawezi kuhusishwa na talaka. Kisha akaniuliza kama nimeshapimwa na kichwa.

Aliyemaliza mjadala ni Ezekia. Kijana hajawahi kunijibu tangu azaliwe. Alisimama kikaoni akasema, Baba, nikimwacha Jumatano, sina uhakika kama Ijumaa atanikubali. Wazee tukatazamana. Tulimchunguza Ezekia kuanzia juu mpaka chini, tukaona kweli hoja anayo.

7. Kwa hiyo limebaki moja, nalo ndilo ombi langu. Mama Minza ahamishwe kabla ya Alhamisi, na aletwe mtaalamu mwingine wa usingizi asiye na undugu nami. Simchukii, na ningependa aende mahali pazuri. Ila isiwe Mamba, maana huko yupo mdogo wangu analima mpunga, naye ni baba mkwe kama mimi, tena siku hizi anatembea ametanua miguu. Isiwe Litapunga, wapo binamu zangu. Isiwe Rukwa, isiwe Tabora, na Shinyanga na Simiyu usiziseme kabisa. Usifikirie Morogoro wala Lindi, ng'ombe wetu walishafika. Kwa ufupi, apelekwe sehemu yoyote ya nchi hii ambayo haina Msukuma hata mmoja. Mkiipata sehemu hiyo, tunaomba mtujulishe na sisi, huenda ina malisho.

Nakusihi ulitendee kazi haraka. Mimi ni mtu mzima, na mtu mzima akishavuliwa heshima kitandani, hata akipona haponi. Ikiwa Alhamisi itafika na muuguzi huyu bado yupo, nitalazimika kubaki nyumbani na ngiri yangu, na lolote litakalonipata litakuwa mikononi mwako. Nimemwambia Nyanzala hivyo hivyo. Aliondoka akaenda kukaa jikoni, na sijamsikia akicheka tena tangu jana.

Nisalimie mama watoto wako. Nisalimie mlinzi wa getini na dada wa dirisha la dawa, mwambie kile kikohozi kiliisha. Nisalimie kamati ya kituo. Kama kuna mtu anajua lilipo gari la wagonjwa, nalo lisalimiwe, limwambie fundi asiwe na haraka, tumeshazoea.

Wako mtiifu, kwa masharti yaliyotajwa hapo juu,

Masunga Manyanda.

NYONGEZA. Nayaandika haya Ijumaa, nikiwa kitanda cha dirishani katika wodi yako ya wanaume. Barua hii haikukufikia kwa wakati kwa sababu Jumanne asubuhi, kabla sijapata wa kuipeleka, uvimbe uligoma kurudi.

Nilisubiri kwa ajili ya heshima. Nikaanza kutapika, nikaendelea kusubiri. Nyanzala hakusema tena habari za dume. Alitoka uani akapiga yowe kwamba mzee anakufa. Mama Minza alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Aliingia chumbani kwangu bila kubisha, akafunua shuka, akagusa mara moja, akamwambia Ezekia afunge maksai kwenye mkokoteni. Mimi nilikuwa najaribu kuvuta shuka. Akanitoa mkono.

Wewe ulikuwa semina. Ulipofika mbio na vumbi mpaka kwenye nyusi, ulikuta dripu ipo, mpira wa puani upo, vifaa vimechemshwa, nami nimeshatia sahihi kwenye karatasi yako ya kukubali kupasuliwa. Kisu ulishika wewe, na nakushukuru kwa maisha yangu yote. Umeniambia ningechelewa kidogo tu utumbo ungeoza. Lakini ulikuwa upande wa chini wa pazia, hukuona ya upande wa juu, kwa hiyo nakueleza.

Miguu ilipokufa ganzi niliona kifo kimeanzia chini kinapanda. Niliogopa, Daktari. Simba wameingia zizini kwangu mara nyingi na sijawahi kuogopa vile. Nikatafuta kitu cha kushika, nikakamata mkono. Ulikuwa mkono wake. Hakuutoa. Alifanya kazi zake zote kwa ule mmoja uliobaki, na kila nilipofumba macho aliniambia nifumbue, Baba, nimtazame. Nikamtazama. Sikuuachia ule mkono mpaka uliposema umemaliza kushona.

Kwa desturi yetu kosa hilo lina faini ya mbuzi, na kaka yangu ameshamleta, amemfunga hapo kwenye mti wa getini. Tafadhali msimfukuze. Yule mdogo wangu wa Mamba nimempigia simu nikamwambia dume lake lije huku, na asiulize nani atakaa kichwani.

Ombi la uhamisho lichane. Ukiletewa jingine kutoka kwa mzee mwingine yeyote, nalo lichane. Nyumbani kwangu tumeulizana miaka yote Minza kafanana na nani. Mimi nilikuwa nasema ni mama yangu mzazi, na hakuna aliyethubutu kunibishia. Nilikuwa sijui. Macho yale yote mawili ni ya mama yake.